Rangi za mizizi na majani: usalama haumo katika mti peke yake

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa Magunga, katika milima ya Gwassi, Kaunti ya Homa Bay. Mama huyu husuka vikapu vya katani na hutia rangi vitambaa vya pamba ambavyo huviuza siku ya soko. Kwa miaka mingi amekuwa akinunua rangi ya unga iliyofungwa katika pakiti ndogo isiyo na jina la mtengenezaji. Huikoroga kwa mkono mtupu, katika sufuria ile ile ambayo jioni huipikia ugali. Siku moja anasikia kwamba wanunuzi wa mijini na wa ng'ambo wanapenda bidhaa zilizotiwa rangi ya mizizi, majani na maganda. Kwamba rangi hizo haziharibu mazingira wala ngozi ya mtu. Anaamua kuacha pakiti na kurudia mimea.

Je, amefanya vyema? Jibu ni ndiyo, ila ndiyo hiyo ina masharti. Wengi wetu hudhani kwamba kitu kikitoka mtini basi hakina madhara. Hilo si kweli. Mama huyu anaweza kuacha rangi ya kiwandani, akachemsha majani ya mwembe, na bado akajidhuru yeye na watoto wake. Usalama wake unategemea mambo matatu: dawa anayoitumia kuishikisha rangi katika nguzi, jinsi anavyolinda mikono, macho na jiko lake, na maji anayosuuzia kazi yake. Kwa watu wanaoishi karibu na Ziwa Viktoria, hilo la tatu ndilo linalosahauliwa zaidi, na pengine ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote.

RANGI ZA KIWANDANI ZILIANZAJE?

Kwa maelfu ya miaka binadamu alipata rangi zake kutokana na mimea, wadudu, konokono wa baharini na udongo. Mambo yaligeuka mwaka 1856. Kijana wa Kiingereza wa miaka 18, William Henry Perkin, alikuwa London akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata. Alichokipata ni maji ya rangi ya zambarau yaliyoshika vizuri sana katika hariri. Kutokana na ajali hiyo kulizaliwa viwanda vikubwa vya rangi, na baada ya miongo michache rangi za mimea zilikuwa zimesukumwa kando karibu kila mahali.

Rangi hizo mpya zilikuwa rahisi, ziling'aa na hazikuchujuka upesi. Lakini mwaka 1895 daktari mpasuaji wa Frankfurt, Ujerumani, aitwaye Ludwig Rehn, alitoa taarifa ya uvimbe wa kibofu cha mkojo miongoni mwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi. Utafiti uliofuata kwa miaka mingi ulithibitisha kwamba baadhi ya kemikali zilizotumika kutengenezea rangi, hasa benzidini na naftilamini, husababisha saratani ya kibofu. Ugonjwa huo huweza kujitokeza miaka 20 au zaidi baada ya mtu kuanza kuzigusa kemikali hizo, na ndiyo sababu wafanyakazi wengi hawakujua kilichowaua.

Ujerumani ilipiga marufuku mwaka 1994 rangi za kundi la azo zinazoweza kuvunjika na kutoa kemikali za aina hiyo. Jumuiya ya Ulaya ilifuata mwaka 2002 kwa sheria inayotaja kemikali 22 zisizotakiwa katika nguo na ngozi zinazogusa mwili wa mtu. Si rangi zote za azo zilizo na hatari hiyo, na wala si rangi zote za kiwandani. Nyingi zimepimwa na zinatumika kwa usalama. Anayevaa nguo iliyotiwa rangi vizuri na kufuliwa hana sababu ya kuingiwa na hofu.

Aliye katika hatari zaidi ni yule anayekoroga unga wenyewe. Unga huo huruka hewani na kuingia mapafuni. Baadhi ya rangi za pamba zinajulikana kusababisha pumu kwa wanaozipima na kuzichanganya kila siku. Huingia pia mwilini kupitia ngozi yenye michubuko, na kupitia mdomoni iwapo mtu anakula bila kunawa. Pakiti isiyo na jina la mtengenezaji wala maelezo haimwambii mama yetu kama ndani yake mna rangi iliyoruhusiwa au ile iliyopigwa marufuku kwingineko. Kwa hiyo ana sababu nzuri ya kutafuta njia nyingine.

MIMEA INAYOTOA RANGI

Njia hiyo haiko mbali. Katika vichaka vya nyanda za ziwa humea mti mdogo wenye majani magumu ya kijani kibichi kilichofifia, ambao Wajaluo huuita ochol. Wataalamu wa mimea huuita Euclea divinorum. Pwani ya Kenya na Tanzania ndugu zake hujulikana kama mdaa, na tangu zamani mizizi ya mdaa imechemshwa ili kutia rangi nyeusi katika ukindu wa kusukia mikeka. Huko Botswana nako wasukaji wa vikapu hutumia mizizi ya mti huo huo wa Euclea divinorum kupata rangi ya kahawia. Basi watu wa nchi zilizo mbali mbali waligundua siri moja.

Vitu vingine vimo jikoni au uani. Maganda makavu ya vitunguu hutoa manjano hadi rangi ya chungwa. Majani ya mwembe hutoa manjano. Kokwa na maganda ya parachichi hutoa rangi ya waridi iliyokolea kiasi. Majani ya chai yaliyokwisha kutumika hutoa kahawia. Bizari ya manjano hung'aa sana na hushika hata bila dawa, lakini hupauka upesi ikianikwa juani. Mbegu za mrangi, mmea unaolimwa Kwale, hutoa rangi ya chungwa inayotiwa hata katika vyakula, ingawa katika kitambaa nayo haistahimili jua. Kwa rangi ya buluu kuna mnili, ambao jamii zake kadhaa humea zenyewe katika Afrika Mashariki.

Kusini mwa Nyanza ni nchi iliyozoea pamba. Zamani mitambo ya kuchambulia pamba ilikuwapo Homa Bay na Kendu Bay. Katani nayo hupandwa mipakani mwa mashamba. Kwa hiyo nguzi zipo, rangi ipo, na mikono yenye ujuzi ipo. Tatizo ni kwamba pamba na katani hazipendi kushika rangi ya mimea. Ukichemsha kitambaa cha pamba pamoja na maganda ya vitunguu peke yake, kitatoka na rangi nzuri, kisha utakifua mara chache na rangi itakwenda zake. Hapa ndipo inapoingia dawa ya kushikisha, na hapa ndipo hatari ya kwanza ilipo.

SUMU IKO WAPI?

Dawa ya kushikisha ni chumvi ya madini ambayo upande mmoja hukamata kitambaa na upande wa pili hukamata rangi. Zipo za aina nyingi, na hazilingani kwa usalama.

Iliyo nafuu ni shabu, yale mawe meupe yanayong'aa kama barafu, ambayo watu wengine huyatumia kusafishia maji yenye tope. Shabu si chakula, na vumbi lake huwasha macho na koo, lakini ikitumiwa kwa kipimo haina madhara makubwa. Baada yake huja chuma. Mtu huloweka misumari yenye kutu katika siki kwa wiki moja au mbili, akapata maji ya kahawia ambayo hugeuza manjano kuwa kijani cha zeituni na kahawia kuwa nyeusi. Matope meusi ya bwawani hufanya kazi hiyo hiyo kwa sababu yana chuma. Lakini maji ya chuma yakinywewa na mtoto mdogo huweza kumdhuru vibaya tumbo na ini, na yakizidi huichakaza nguo yenyewe.

Mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba ambayo hutumika katika dawa za ukungu wa mimea, ni sumu zaidi. Mtu akiumeza hutapika, na figo zake huweza kuharibika. Zamani mrututu ulimwagwa katika mabwawa ili kuua konokono wanaobeba kichocho. Hiyo ni ishara ya ukali wake kwa viumbe vya majini, wakiwemo samaki. Haifai kuumwaga kokote karibu na mto au ziwa.

Mbaya kuliko zote ni ile chumvi ya rangi ya chungwa iitwayo potasiamu daikromati. Vitabu vya zamani vya kutia rangi sufu viliisifu sana, kwa kuwa hukoleza manjano na kahawia. Leo inajulikana kwamba kromu ya aina hiyo husababisha saratani ya mapafu kwa wanaovuta vumbi lake, huchimba vidonda katika ngozi na puani, na huleta mzio unaomsumbua mtu maisha yake yote. Hakuna sababu ya mtu anayefanyia kazi nyumbani kuigusa. Kitambaa kilichochemshwa kwa majani safi ya mwembe pamoja na daikromati huweza kuitwa cha asili sokoni, lakini aliyekitengeneza amekwisha kuvuta sumu.

Hata mimea yenyewe si yote ya kuaminiwa. Utomvu mweupe wa mtupa na jamaa zake ukiingia jichoni huweza kumpofusha mtu kwa muda, au hata milele. Mnanaha, ule mmea wenye maua kama tarumbeta, huvuruga akili. Kanuni ni rahisi: usichemshe mmea usioujua eti kwa kuwa una maua yenye rangi nzuri.

FUNZO LA HINA

Wanaodhani kwamba asili na usalama ni kitu kimoja na waitazame hina. Majani ya mhina yametumika Lamu, Mombasa na Zanzibar kwa karne nyingi, na watu wengi hawapati madhara yoyote. Hina halisi hutoa rangi ya chungwa au kahawia nyekundu, na huhitaji saa kadhaa kushika. Ile inayotoa weusi wa makaa kwa muda mfupi si hina tupu. Mara nyingi imetiwa kemikali ya rangi ya nywele iitwayo parafenilinidiamini, ambayo huweza kuchoma ngozi, kuleta malengelenge na kumwachia mtu mzio wa kudumu. Ikimezwa huvimbisha koo na huua figo.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalijui. Hina halisi yenyewe, isiyochanganywa na chochote, huweza kuvunja chembe nyekundu za damu kwa mtoto aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Madaktari wa Mashariki ya Kati wameeleza visa vya watoto wachanga waliopakwa hina wakapata manjano makali na kuishiwa damu. Upungufu huo hupatikana zaidi katika nchi ambazo malaria imekaa kwa vizazi vingi, na nyanda za Ziwa Viktoria ni mojawapo. Kwa hiyo usimpake mtoto mchanga hina, na wala usimfunge katika kitambaa kilichotiwa hina hivi karibuni kabla hakijafuliwa mara kadhaa.

MAJI NA KICHOCHO

Sasa tuje kwenye jambo ambalo vitabu vingi vya kutia rangi havilitaji, kwa sababu waandishi wake hawakuishi kando ya Ziwa Viktoria.

Kutia rangi kunahitaji maji mengi. Kitambaa huoshwa kwanza kuondoa mafuta, hulowekwa katika dawa ya kushikisha, huchemshwa katika rangi, kisha husuuzwa mara tatu, nne au zaidi hadi maji yatoke meupe. Kutoka Magunga barabara huteremka hadi ufuo wa Nyandiwa, na upande wa Kaunti ya Migori kuna fuo kama Sori. Mtu mwenye furushi la vitambaa na uhaba wa maji nyumbani huvutwa kwenda ziwani au kijitoni, akunje nguo, aingie hadi magotini na kusuuza kwa saa moja au mbili.

Hapo ndipo kichocho kinapomngoja. Konokono wadogo wanaoishi katika maji yaliyotulia, kwenye majani ya kando ya ziwa, hutoa vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo huogelea, hupenya ngozi ya mtu kwa dakika chache, huingia katika damu na kukomaa. Kando ya Ziwa Viktoria aina iliyoenea zaidi ni ile inayoshambulia matumbo na ini. Mgonjwa huumwa tumbo, huharisha, na huweza kuona damu katika choo. Asipotibiwa kwa miaka mingi, ini na wengu huvimba, tumbo hujaa maji, na mwishowe huweza kutapika damu na kufa. Aina nyingine hushambulia kibofu na kuleta damu katika mkojo, na nayo huweza kuleta saratani ya kibofu.

Tazama basi jinsi mambo yanavyozunguka. Mama yetu ameacha rangi ya pakiti kwa kuogopa ugonjwa wa mbali. Halafu, kwa sababu rangi za mimea zinahitaji kusuuzwa zaidi, anasimama ziwani muda mrefu kuliko zamani na kupata ugonjwa wa karibu. Hajakosea kuchagua mimea. Amekosea kupeleka kitambaa kwenye maji badala ya kuyaleta maji kwenye kitambaa.

Dawa yake ipo. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka paa la mabati hadi katika tangi lililofunikwa hayana konokono, na tena hayana chumvi nyingi, kwa hiyo rangi hutoka safi zaidi. Maji ya kisima kilichofunikwa pia hufaa. Kama hapana budi kutumia maji ya ziwa, yachotwe na kuwekwa katika pipa lililofunikwa kwa siku mbili kamili kabla ya kuguswa. Vijidudu vya kichocho haviishi muda huo bila kupata mwili wa kuingia. Maji yaliyochemshwa nayo ni salama kwa kusuuzia. Na mwenye kwenda kuchota na ajitahidi kusimama kwenye gati, au juu ya jiwe kavu, badala ya kuingia majini.

Watu wa kando ya ziwa hupewa mara kwa mara dawa iitwayo prazikwanteli ambayo huua minyoo ya kichocho iliyokomaa. Ni dawa nzuri, lakini haimkingi mtu asiambukizwe tena kesho akirudi majini.

MOSHI, MOTO NA MBU

Sufuria ya rangi hukaa motoni saa moja au zaidi, na kabla yake kuna ile ya dawa ya kushikisha. Kazi hiyo ikifanywa ndani ya jiko lisilo na dirisha, moshi humdhuru mama na mtoto aliye mgongoni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi na hewa chafu ya nyumbani iliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Kwa hiyo rangi ichemshwe nje, kwenye kivuli, katika jiko linalobana kuni.

Maji ya rangi yanayochemka hufanana na chai au uji machoni pa mtoto. Sufuria iwekwe juu ya mafiga imara, na mtoto asiachwe karibu nayo hata kwa nukta moja.

Vyombo vya kulowekea vikikaa wazi siku nyingi huwa mazalio ya mbu. Vifunikwe vizuri, na maji yaliyokwisha kazi yamwagwe siku hiyo hiyo.

JE, MITI ITATOSHA?

Afya ya watu haitengani na afya ya nchi yao. Rangi za mimea huitwa endelevu kwa sababu mmea huota tena. Lakini huota tena pale tu unapopewa nafasi. Gramu chache za unga wa kiwandani hutosha kitambaa cha kilo moja. Kwa majani mabichi, mtu huhitaji kilo moja au mbili kwa kitambaa hicho hicho. Wasukaji mia moja wakianza kung'oa mizizi ya ochol katika vilima vya Gwassi, miti hiyo itatoweka, udongo utateremkia ziwani, na kuni za kuchemshia zitakuwa zimechangia uharibifu ule ule ambao wanunuzi walitaka kuuepuka.

Baganda wanatupa mfano mzuri. Wao hutengeneza kitambaa cha gome la mti uitwao mutuba, kazi ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu. Fundi hulibandua gome la shina bila kuujeruhi mti kwa ndani, kisha hulifunga shina kwa majani ya mgomba ili lisikauke. Gome huota upya, na mti mmoja huvunwa kwa miaka mingi. Rangi yake ya udongo mwekundu ni ya gome lenyewe, wala haikutiwa.

Kwa mtu wa Magunga funzo ni kuanza na kile kinachotupwa: maganda ya vitunguu kutoka sokoni, kokwa za parachichi kutoka hotelini, majani ya chai, na matawi ya mwembe yaliyopogolewa. Mizizi iwe ya mwisho, nayo ichukuliwe upande mmoja tu wa mti, na kwa kila mti uliochimbwa upandwe mwingine. Gome lisizungushwe kuubandua mti mzima, kwani miti mingi ikivuliwa gome pande zote hufa.

JINSI YA KUTIA RANGI KWA USALAMA

1. Tenga vyombo. Sufuria, mwiko na ndoo za rangi zisirudi jikoni kupikia chakula kamwe. Zitie alama kwa rangi ya mafuta ili hata mgeni ajue.

2. Vaa glavu za mpira, na funika pua na mdomo kwa kitambaa unapopima unga wa aina yoyote, ukiwemo shabu. Usile, usinywe, wala usinyonyeshe kabla ya kunawa kwa sabuni.

3. Osha kitambaa kwa sabuni na maji moto. Kama ni pamba au katani, kiloweke kwanza usiku kucha katika maji ya chai kali au ya magome yenye ukakasi yaliyoanguka yenyewe. Ukakasi huo husaidia shabu kushika.

4. Kwa kila kilo moja ya kitambaa kikavu, yeyusha gramu 100 hadi 150 za shabu katika maji moto, si zaidi. Shabu iliyozidi haishiki, humwagika tu. Loweka kitambaa humo kwa saa moja motoni, kisha kiache kipoe.

5. Chemsha maganda au majani kwa saa moja, chuja, kisha tia kitambaa na uache maji yatokote polepole kwa muda kama huo. Funika, epua, na uache hadi asubuhi.

6. Suuza kwa maji ya mvua, ya kisima, au yaliyokaa siku mbili. Anika kivulini.

7. Maji ya rangi yatumie tena hadi yaishe nguvu. Mabaki yamwage katika shimo mbali na kisima, mto na bustani ya mboga. Sheria za ubora wa maji za Kenya zinakataza kumwaga uchafu wa kazi kama hii katika mito na maziwa bila kibali.

8. Shabu, siki ya chuma na dawa nyingine ziwekwe juu, katika chombo chenye kifuniko na jina. Usizitie kamwe katika chupa ya soda.

WAKATI WA KUMWONA DAKTARI

Rangi au dawa ikiruka jichoni, osha jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, kisha nenda kituo cha afya. Aliyeungua apozwe kwa maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno, unga wala mafuta. Mtoto akinywa dawa ya kushikisha asilazimishwe kutapika. Mpeleke hospitali mara moja pamoja na chombo alichokinywea.

Upele usiopona mikononi, kifua kinachobana kila siku ya kazi na kupata nafuu siku ya mapumziko, tumbo linalouma kwa wiki nyingi, na damu katika choo au mkojo, yote ni mambo ya kupelekwa kwa daktari bila kungoja. Mwambie kazi unayofanya na maji unayotumia. Wapo wanaoona mkojo mwekundu wakasema ni rangi tu imeingia mwilini, wakakaa nyumbani. Usijifariji kwamba ni rangi ya kitambaani. Hiyo huweza kuwa damu, na chanzo chake ni lazima kitafutwe.

Mama yetu wa Magunga basi na aendelee na mizizi na majani yake, kwa kuwa njia aliyoichagua ni njema. Lakini anaposifu kazi yake mbele ya mnunuzi, asiishie kutaja mti alioutumia. Aweze pia kueleza ametumia dawa gani ya kushikisha, amesuuza kwa maji gani, na mabaki ameyamwaga wapi. Akiwa na majibu matatu hayo, rangi yake itakuwa salama kwa anayeivaa, na kwake yeye aliyeitengeneza.